Slaidi ni shahidi, wewe ndiwe wakili: Jinsi ya kuwasilisha hoja ya mtaa mbele ya kamati

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka, kabla ya Juni 30, Kaunti ya Nairobi huamua ni mtaa upi utakaopata mtaro, taa za barabarani au zahanati, na ni upi utakaoendelea kungoja. Katiba ya mwaka 2010 haikuwaachia viongozi uamuzi huo peke yao. Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake, na Kifungu cha 201 kinasisitiza kwamba fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi na kwa kuwahusisha wananchi.

Haya si maneno ya kupamba karatasi. Mnamo mwaka 2014, katika kesi ya Robert Gakuru na wenzake, Mahakama Kuu iliifutilia mbali Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo.

Hata hivyo, kupewa nafasi ya kusema ni jambo moja na kusikika ni jambo jingine. Tuchukue mfano wa wadi ya Gatina, katika eneo la Kawangware. Gatina ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Dagoretti Kaskazini. Nyingine ni Kilimani, Kileleshwa, Kawangware na Kabiro. Maana yake ni kwamba kikundi cha vijana au akina mama kutoka nyumba za mabati za Gatina chaweza kujikuta mbele ya kamati ile ile pamoja na chama cha wakazi wa Kileleshwa, ambacho miongoni mwa wanachama wake wamo mawakili, wahandisi na wahasibu waliozoea kusimama ukumbini wakiwa na tarakilishi na projekta. Kila upande hupewa dakika zake. Anayezitumia vyema hurudi nyumbani na jambo la kuwaambia majirani.

Makala haya yanaeleza namna kikundi kama hicho kinavyoweza kuandaa wasilisho la slaidi, yaani kurasa za picha na maandishi zinazotayarishwa kwa tarakilishi na kurushwa ukutani, na jinsi ya kulitoa wasilisho hilo likaeleweka.

ANZA NA SENTENSI YA KARANI

Wengi wanapoambiwa waandae slaidi hukimbilia kufungua tarakilishi na kuchagua rangi. Huko ni kuezeka paa kabla ya kuchimba msingi. Jambo la kwanza halihitaji mtambo wowote, bali kalamu na karatasi.

Katika kila kikao rasmi huwapo karani anayeandika kumbukumbu. Baada ya kuwasikiliza watu ishirini, karani huyo hawezi kuinakili hotuba ya kila mmoja. Ataandika mstari mmoja au miwili kuhusu kila kikundi. Hatimaye mstari huo ndio utakaosomwa na wale watakaogawa fedha, wala si hotuba yenyewe. Kwa hivyo, kazi ya kwanza ya kikundi ni kuutunga mstari huo wao wenyewe kabla ya kwenda kikaoni.

Tuseme kikundi kimoja cha Gatina kinakerwa na maji ya mvua yanayofurika kwenye njia ya watoto wa shule. Kikundi hicho kikienda kusema kwamba “hali ya mtaa wetu ni mbaya na serikali imetusahau”, karani ataandika kuwa wakazi walilalamika. Kikisema “tunaomba mtaro wa mita 300 uchimbwe na kufunikwa kando ya njia iendayo shuleni, katika mwaka ujao wa fedha”, karani atakuwa na jambo la kuandika. Sentensi hiyo ya pili inataja kitu, kipimo, mahali na wakati. Isiyo na hayo manne bado haijaiva.

Fauka ya hayo, yapasa kuhakikisha kuwa ombi linapelekwa kwa wenye mamlaka nalo. Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu kati ya serikali ya kitaifa na zile za kaunti. Mitaro ya maji ya mvua mijini, taa za barabarani, uzoaji wa taka na zahanati ni jukumu la kaunti. Polisi na sera ya elimu ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kikundi kinachotumia dakika zake zote kuiomba kamati ya kaunti iongeze maafisa wa polisi kitaondoka mikono mitupu, hata kiwe na msemaji hodari namna gani. Kikiomba taa za barabarani kwenye kichochoro kinachoogofya usiku, kitakuwa kimebisha mlango unaostahili.

USHAHIDI HUTAFUTWA KWA MIGUU

Sentensi ya ombi ikishapatikana, swali linalofuata ni: kwa nini mtu asiyeishi Gatina aamini? Wakazi wa mitaa ya mabanda aghalabu hudhani kuwa takwimu ni mali ya wasomi. Nairobi yenyewe imeonyesha kuwa sivyo.

Mnamo mwaka 2009, vijana wa Kibera walizunguka vichochoro vya mtaa wao na vifaa vya kunasa mahali kwa setilaiti, wakaweka kwenye ramani huria ya intaneti shule, zahanati, vyoo na vituo vya maji. Kabla ya mradi huo, uliojulikana kama Map Kibera, mtaa huo uliokuwa na watu tele ulionekana kama doa tupu kwenye ramani nyingi. Huko Mukuru nako, wanachama wa Muungano wa Wanavijiji pamoja na washirika wao wakiwemo watafiti wa vyuo vikuu walikusanya habari zilizodhihirisha kwamba maskini wa mabanda walikuwa wakinunua maji kwa bei ya juu kuliko wakazi wa mitaa ya matajiri. Mnamo Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji. Hoja ya bei ya maji haikuhitaji ufasaha mwingi. Ukiziweka bei mbili bega kwa bega, msikilizaji huona dhuluma mwenyewe.

Kikundi chetu cha Gatina kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa siku chache. Pimeni urefu wa njia kwa kamba. Simameni kwenye kona kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, siku tatu mfululizo, na mhesabu watoto wanaopita. Pigeni picha ya mahali pale pale, kutoka pembe ile ile, siku ya jua na siku ya mvua. Waulizeni wenye maduka ni siku ngapi walifunga msimu uliopita kwa sababu ya maji, na muandike majibu yao pamoja na tarehe. Namba iliyohesabiwa na wakazi wenyewe, hata ikiwa ndogo, ina uzito kuliko namba kubwa isiyojulikana ilikotoka. Mjumbe akiuliza “mlijuaje?”, msemaji atakuwa na jibu.

Tahadhari moja: msipige picha za nyuso za watu bila idhini yao, hasa watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu picha pia. Mtoto aliyepigwa kutoka nyuma akivuka maji huonyesha yote yanayohitajika.

SLAIDI TANO ZATOSHA

Programu ya PowerPoint, ambayo ndiyo iliyoeneza matumizi ya slaidi za tarakilishi, ilianza kuuzwa mwaka 1987, na mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ikainunua kwa dola milioni 14. Tangu wakati huo imeingia maofisini, shuleni, makanisani na misikitini. Pamoja nayo imeingia desturi mbovu ya kujaza ukuta maandishi kisha kuwasomea watu waliokuja wakijua kusoma.

Madhara ya desturi hiyo yalionekana kwa namna ya kuhuzunisha nchini Marekani. Chombo cha anga cha Columbia kilipokuwa kikiruka mnamo Januari 16, 2003, kipande cha povu kilibanduka kutoka kwenye tangi la nje na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwaeleza wakuu wa NASA kuhusu hatari hiyo kwa kutumia slaidi. Mnamo Februari 1 Columbia ilisambaratika ikirejea duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Bodi iliyochunguza ajali hiyo ilizikosoa slaidi zenyewe, ikitumia uchambuzi wa Edward Tufte, mtaalamu wa michoro ya takwimu. Kichwa cha slaidi moja kilikuwa cha kutia moyo. Habari ya kutisha, kwamba kipande kilichogonga bawa kilikuwa kikubwa mara mamia kuliko vile vilivyowahi kufanyiwa majaribio, ilikuwa imefichika chini kabisa ya ukurasa uliosongamana maandishi. Waliopaswa kuamua waliondoka wakidhani mambo ni shwari.

Funzo kwa kikundi cha Gatina ni kwamba jambo zito zaidi liwe juu, kwa maandishi makubwa, na peke yake. Kwa wasilisho la dakika kumi, slaidi tano zatosha:

Ya kwanza ibebe ombi lenyewe, yaani ile sentensi ya karani, pamoja na jina la kikundi na la wadi.

Ya pili iwe ramani sahili inayoonyesha njia, shule na mahali maji yanapofurika. Mtu asiyewahi kufika Kawangware aweze kuelewa.

Ya tatu iwe na picha mbili: siku ya jua na siku ya mvua.

Ya nne iwe na namba. Moja ni bora, tatu ndio upeo. Mathalani, idadi ya watoto wanaopita hapo kila asubuhi na idadi ya siku ambazo maduka yalifungwa.

Ya tano irudie ombi, na iongeze kile ambacho kikundi chenyewe kimeahidi kufanya, kwa mfano kusafisha mtaro kila mwezi ili usizibe. Wajumbe hupenda kujua kuwa mradi hautatelekezwa baada ya kuzinduliwa.

Kuhusu ukubwa wa maandishi, Guy Kawasaki, mwekezaji wa Marekani aliyesikiliza mawasilisho mengi ya watu waliotafuta mtaji, alipendekeza mwaka 2005 kwamba herufi zisipungue kipimo cha 30. Ushauri huo unafaa sana katika kumbi zetu, ambamo mwanga hupenya kila upande na projekta za kukodi huwa hafifu. Herufi nyeusi kwenye mandhari meupe husomeka vizuri zaidi kuliko mapambo ya rangi. Njia rahisi ya kujipima ni hii: iwekeni slaidi kwenye kioo cha rununu na muishike kwa urefu wa mkono. Isiposomeka hapo, mzee aliyeketi nyuma ya ukumbi hataisoma.

MANENO NI YA MSEMAJI

Mahakamani shahidi hujibu anachoulizwa, ilhali wakili ndiye anayeyaunganisha mambo na kuomba uamuzi. Uhusiano wa slaidi na msemaji ni huo huo. Picha inathibitisha kuwa maji yanafurika. Msemaji anaeleza maana yake: mama anayembeba mtoto wa darasa la kwanza mgongoni kabla ya kwenda kazini, na mwalimu anayewapokea wanafunzi wenye viatu vilivyolowa. Mambo hayo yasiandikwe ukutani. Yakiandikwa, hadhira itasoma badala ya kusikiliza.

Dakika kumi ni chache kuliko zinavyodhaniwa. Msemaji wa Kiingereza hutamka takribani maneno 130 hadi 150 kwa dakika. Maneno ya Kiswahili ni marefu zaidi, kwani neno moja kama “hawajatujengea” hubeba sentensi nzima. Kwa hivyo si vibaya kukisia maneno 100 kwa dakika. Hotuba ya dakika saba basi isizidi maneno 700, na dakika tatu zibakie kwa maswali. Mgawanyo ufaao ni dakika moja ya salamu na ombi, nne za ushahidi, moja ya kujibu pingamizi linalotarajiwa, na moja ya kurudia ombi.

Salamu ziwe fupi. Desturi yetu ya kuwatambua waheshimiwa mmoja mmoja ni ya heshima, lakini huweza kumeza robo ya muda. “Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wanakamati, wazee wetu na wakazi wenzangu” yatosha.

Lugha nayo ichaguliwe kwa busara. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, sambamba na Kiingereza. Hakuna sababu ya mkazi kuhangaika na Kiingereza cha kukwamakwama ilhali anaweza kulieleza jambo lake kwa Kiswahili sanifu na kwa heshima. Sheng ina utamu wake, lakini karani asiyeielewa hataiandika.

Ufupi wenyewe si udhaifu. Mnamo Juni 2007, kijana wa Malawi aitwaye William Kamkwamba alipanda jukwaani katika mkutano wa TEDGlobal mjini Arusha, nchini Tanzania. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002, na akiwa na umri wa miaka 14 akaunda kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kwa vyuma vikuukuu. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha na woga ulikuwa dhahiri. Alijibu maswali kwa sentensi fupi huku picha za kinu chake zikionyeshwa nyuma yake. Ukumbi ulimwelewa barabara, na baadhi ya waliomsikia wakajitolea kumsaidia kurudi shuleni. Mwaka 2014 alihitimu katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Kilichombeba si ufasaha, bali kitu halisi alichokifanya na picha zilizokithibitisha.

Jambo jingine ni idadi ya wasemaji. Vikundi vingi, kwa kuogopa kumuudhi mmoja wao, huwagawia watu watano dakika mbili mbili. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Achaguliwe msemaji mmoja, mwingine abonyeze slaidi, wa tatu aangalie saa, na wa nne aandike maswali ya wajumbe. Kila mmoja atakuwa na kazi, lakini sauti itakuwa moja.

MAZOEZI MBELE YA MTU MKALI

Kuisoma hotuba kimoyomoyo si mazoezi. Isemwe kwa sauti, kwa kusimama, huku saa ikihesabu, na si chini ya mara tatu. Mara ya kwanza iwe mbele ya wanakikundi. Ya pili iwe mbele ya mtu asiyejua lolote kuhusu mradi, tuseme fundi wa viatu au muuza mboga wa jirani, mwishoni aulizwe, “Tumeomba nini?” Asipoweza kujibu kwa sentensi moja, kasoro iko kwenye wasilisho wala si kwake. Ya tatu iwe mbele ya mtu mkali, kama mwalimu mstaafu au mwanachama aliyeupinga mradi, aulize yale yanayochoma: Kwa nini mtaro na si zahanati? Nani atausafisha? Je, njia hiyo ni ya umma au imo kwenye shamba la mtu? Suala la ardhi limezika miradi mingi Nairobi, na ni heri kikundi kilichunguze mapema kuliko kuumbuliwa hadharani.

Msemaji asikariri neno kwa neno. Anayekariri akisahau neno moja hupotea njia yote. Akariri sentensi ya kwanza, sentensi ya ombi na ya mwisho, na yaliyo katikati aandike kwa vidokezo kwenye kadi ndogo inayotosha kiganjani.

UMEME UKIPOTEA

Mikutano ya wadi hufanyika kwenye kumbi za kijamii, shule na makanisa. Umeme huweza kupotea wakati wowote, projekta ikakataa kuelewana na tarakilishi, au mvua ikapiga mabati hata sauti ya mtu ikamezwa. Kikundi makini hujiandaa kwa hayo yote.

Hifadhini slaidi mahali pawili, kwenye kidude cha kuhifadhia data na kwenye rununu, na muwe na nakala ya aina ya PDF ambayo haibadiliki umbo kwenye tarakilishi ya mtu mwingine. Chapisheni slaidi zote tano, nakala ya kila mwanakamati, na ramani moja kwenye karatasi kubwa inayoweza kubandikwa ukutani. Fikeni saa nzima kabla ya kikao ili mjaribu mitambo. Mvua ikinyesha, msemaji asipige mayowe. Agawe nakala, asogee karibu na meza ya kamati na aonyeshe kwa kidole.

Kipimo cha wasilisho zuri ni kwamba linaweza kutolewa bila slaidi hata moja. Umeme ukipotea, wakili bado anajua kesi yake.

Anapozungumza, msemaji awatazame watu, si ukuta. Atulie kidogo kila slaidi inapobadilika ili macho yapate nafasi. Akitaja namba, aitaje polepole na kuirudia. Muda ukikatwa kutoka dakika kumi hadi tatu, jambo linalotokea mara nyingi, aruke hadi slaidi ya kwanza, ya tatu na ya tano.

MASWALI NA YAFUATAYO

Katika maswali, jibu liwe fupi. Lisilojulikana lisibuniwe, msemaji aseme kikundi kitaleta jibu kwa maandishi, na ataje siku. Mjumbe akiwa na dharau asijibiwe kwa hasira, kwani wajumbe wengine wanatazama.

Kabla ya kuondoka, mkabidhini karani waraka wa ukurasa mmoja au miwili wenye ombi, takwimu na picha, na muombe nakala yenu igongwe muhuri wa kupokewa. Hotuba hupita na upepo, lakini waraka wenye muhuri na tarehe hubaki kwenye faili.

Hatimaye, wakati wa kuomba ni muhimu kama ombi lenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya sera ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayesubiri hadi Mei huwakuta wengine wameshaandikwa. Na kikundi kisipopata majibu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakipa ruhusa ya kuiuliza kaunti kwa maandishi, nayo inapaswa kujibu katika muda wa siku 21.

Hakuna slaidi iwezayo kuahidi mtaro. Lakini kikundi kilichopima njia yake kwa kamba, kikawahesabu watoto wake na kuomba jambo moja kwa sentensi moja, kimeifanya kazi yake. Likikataliwa, kamati italazimika kutoa sababu, na sababu hiyo ndiyo itakayojibiwa na wasilisho la mwaka unaofuata.